Julian Bond: mbunge aliyenyimwa kiti kwa tamko lililoitaja Congo

Siku ya Jumamosi tarehe 22 mwezi wa nane 2015, familia ya Julian Bond ilimwaga majivu ya marehemu katika maji ya Ghuba ya Mexico. Familia iliomba kila mtu aliyempenda asimame karibu na maji yaliyo jirani naye, yawe ya mto, ziwa au bahari, na saa nane mchana kwa saa za huko atupe maua ndani ya maji hayo kama ishara ya kumuaga. Hakukuwa na jeneza la kupitishwa barabarani wala kaburi la kuwekea mashada.

Bond alifariki tarehe 15 mwezi wa nane huko Florida, akiwa na umri wa miaka 75. Rais Barack Obama alimtaja kuwa shujaa na rafiki. Magazeti ya Marekani yalikumbusha maisha yake marefu katika mapambano ya haki za raia: kijana wa maandamano ya mwaka wa 1960, mbunge wa jimbo la Georgia kwa miaka 20, na mwenyekiti wa NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za watu weusi, kutoka 1998 hadi 2010.

Kwa msomaji wa Goma, Bukavu, Kisangani au Lubumbashi, kuna jambo moja katika maisha hayo ambalo halijasemwa sana. Mwaka wa 1966 wabunge wenzake walimfungia Bond mlango wa baraza kwa sababu aliunga mkono tamko la kupinga vita. Tamko hilo liliitaja Congo. Habari ya mtu huyu inauliza swali ambalo Wacongo wanalijua vizuri: mbunge akisema neno ambalo wenye nguvu hawataki kulisikia, nani ana haki ya kumtoa kwenye kiti alichopewa na raia?

Mjukuu wa mtu aliyezaliwa utumwani

Julian Bond alizaliwa tarehe 14 mwezi wa kwanza 1940 mjini Nashville, jimbo la Tennessee. Babu yake, James Bond, alizaliwa mtumwa, akasoma hadi chuo kikuu na akawa mchungaji. Baba yake, Horace Mann Bond, alikuwa mwalimu na mtafiti. Mwaka wa 1945 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuongoza Lincoln University katika jimbo la Pennsylvania, chuo ambacho Kwame Nkrumah wa Ghana na Nnamdi Azikiwe wa Nigeria walikuwa wamesoma. Kwa hiyo Afrika haikuwa jina la mbali katika nyumba aliyokulia Julian.

Mwaka wa 1957 aliingia chuo cha Morehouse mjini Atlanta, ambako Martin Luther King alikuwa mmoja wa walimu wake. Atlanta ya wakati ule ilikuwa na mikahawa, vyoo, shule na viti vya basi vilivyotengwa kwa rangi. Mwezi wa tatu 1960 Bond na wanafunzi wenzake waliingia katika mikahawa ya wazungu, wakaketi na kuomba chakula. Bond aliongoza kundi lililoingia katika mkahawa wa ofisi ya mji, na polisi wakamkamata.

Mwezi mmoja baadaye wanafunzi kutoka majimbo mengi ya kusini walikutana mjini Raleigh, wakaunda SNCC, kamati ya wanafunzi waliopigania haki bila kutumia nguvu. Bond alipewa kazi ya mawasiliano. Wenzake walipokamatwa au kupigwa katika vijiji vya Mississippi au Alabama, yeye ndiye aliyehakikisha kwamba habari inafika kwenye magazeti kabla wakubwa wa mahali hawajaificha. Haikuwa kazi ya kushangiliwa, lakini iliokoa watu. Polisi wanaojua kwamba nchi nzima inawatazama hufikiri mara mbili kabla ya kuua mfungwa usiku.

Mwezi wa tisa 1964 Bond alikuwa katika ujumbe wa SNCC uliokwenda Guinea kwa mwaliko wa Rais Sékou Touré. Vijana hao waliona kwa macho yao nchi inayoongozwa na watu weusi. Miezi miwili baadaye, tarehe 24 mwezi wa kumi na moja, ndege za Marekani zilishusha makomando wa Ubelgiji mjini Stanleyville, Kisangani ya leo, kupambana na waasi wa Simba waliokuwa wakishikilia mateka wazungu. Kabla ya hapo, marubani Wacuba waliolipwa na CIA walikuwa wakipiga mabomu maeneo ya waasi. Katika SNCC habari hizo zilifuatiliwa kwa makini, kwa sababu Lumumba alikuwa ameuawa miaka mitatu tu iliyopita na jina lake lilikuwa limeshafika kwa vijana weusi wa Marekani.

Tamko la tarehe 6 mwezi wa kwanza 1966

Mwezi wa sita 1965, baada ya mahakama kulilazimisha jimbo la Georgia kugawanya upya maeneo yake ya uchaguzi, Bond alichaguliwa kuingia katika baraza la wabunge la jimbo. Alikuwa na miaka 25. Yeye na weusi wengine waliochaguliwa pamoja naye walikuwa wa kwanza kuingia katika baraza hilo tangu mwanzo wa karne ya 20.

Kabla hajaapishwa, mambo yaligeuka. Tarehe 3 mwezi wa kwanza 1966 Sammy Younge, kijana mweusi aliyekuwa ametumikia jeshi la maji la Marekani, alipigwa risasi na kuuawa mjini Tuskegee, Alabama. Kosa lake lilikuwa kutaka kutumia choo cha wazungu kwenye kituo cha mafuta. Siku tatu baadaye SNCC ilitoa tamko. Ilisema kwamba serikali ya Marekani inadanganya inaposema inapigania uhuru wa watu wa Vietnam, kama vile inavyodanganya inaposema inajali uhuru wa watu wa rangi katika nchi nyingine. Tamko likazitaja: Jamhuri ya Dominika, Congo, Afrika Kusini, Rhodesia, na Marekani yenyewe. Likasema pia kwamba SNCC inawaunga mkono vijana wanaokataa kuandikishwa jeshini.

Bond hakuliandika tamko hilo. Lakini mwandishi wa habari wa redio alipompigia simu na kumuuliza kama analikubali, alijibu kwamba analikubali. Alieleza baadaye kwamba hajawahi kumshauri mtu kuchoma karatasi yake ya kuitwa jeshini, na kwamba ya kwake bado anayo. Alikuwa anapinga vita na alikuwa anasema hivyo wazi.

Tarehe 10 mwezi wa kwanza, siku ya kuapishwa, baraza lilipiga kura. Wabunge 184 walikataa asiketi, 12 walikubali aketi. Wengine wote wakaapa, naye akabaki nje.

Sababu za waliomfukuza

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, ni vizuri kusikiliza sababu za wale 184. Walisema nchi iko vitani. Vijana wa Georgia wanakufa Vietnam. Mtu anayewasifu wanaokataa jeshi anamsaidia adui. Walisema pia kwamba mbunge anaapa kulinda katiba, na mtu mwenye mawazo kama ya Bond hawezi kula kiapo hicho kwa moyo wa kweli. Hawakusema kwamba wanamtoa kwa sababu ni mweusi.

Ni maneno yanayosikika vizuri masikioni, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Wenye nguvu wanapotaka kumnyamazisha mtu, ni mara chache watasema kwamba hawapendi rangi yake au chama chake. Watasema anahatarisha usalama wa nchi. Wakati wa vita neno hilo hupata wasikilizaji wengi, hata kati ya watu wema waliofiwa na watoto wao.

Martin Luther King, aliyekuwa mkaaji wa eneo la uchaguzi la Bond, aliongoza maandamano hadi kwenye jengo la bunge la jimbo kumtetea. Hoja ya King na wenzake ilikuwa nyepesi kueleweka. Kiti hiki si cha Bond peke yake, ni cha watu waliompigia kura. Ukimfungia mlango, umewafungia wao.

Raia walirudia, mahakama ikamaliza

Mambo matatu yalimrudisha Bond kwenye kiti chake, na kila moja lilihitaji jingine.

La kwanza ni wapiga kura. Kiti kilipotangazwa kuwa wazi, uchaguzi mdogo uliitishwa mwezi wa pili 1966. Bond akasimama tena na kushinda. Kamati ya baraza ikamtaka ajute maneno yake. Akakataa, na mlango ukabaki umefungwa. Mwezi wa kumi na moja mwaka huo huo akachaguliwa tena. Raia wa mtaa mmoja wa Atlanta walikuwa wamesema mara tatu kwamba mbunge wao ni huyu.

La pili ni mahakama. Mahakama ya kwanza ya shirikisho ilimkatalia, majaji wawili dhidi ya mmoja. Bond hakukata tamaa, akapanda juu. Tarehe 5 mwezi wa kumi na mbili 1966 Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu katika kesi inayojulikana kama Bond v. Floyd. Majaji wote tisa walikubaliana. Hukumu iliandikwa na mkuu wa mahakama, Earl Warren, na ilisema kwamba baraza la Georgia lilivunja uhuru wa kusema unaolindwa na katiba.

Warren alieleza jambo ambalo lingefaa kujulikana na kila mbunge, wa Atlanta au wa Kinshasa. Jimbo lilidai kwamba mbunge anaweza kuwekewa masharti makali zaidi ya kusema kuliko raia wa kawaida, kwa kuwa yeye ni mtu wa serikali. Mahakama ikageuza hoja hiyo. Ikasema mbunge anahitaji nafasi pana ya kusema, kwa sababu ni wajibu wake kuchukua msimamo juu ya mambo yenye ubishi, ili waliomchagua wajue anasimama wapi na waweze kumhukumu siku ya kura. Tena, kuapa kulinda katiba hakumzuii mtu kukosoa siasa ya serikali, wala wabunge wenzake hawana mamlaka ya kupima ukweli wa moyo wake.

La tatu ni kwamba serikali ya jimbo ilitii. Wabunge wengi wa Georgia waliichukia hukumu hiyo. Hata hivyo, tarehe 9 mwezi wa kwanza 1967 Bond aliapishwa. Hakuna aliyetuma polisi kuzuia, na hakuna aliyeunda mahakama nyingine ya kubadilisha uamuzi. Hukumu bila utii ingebaki karatasi.

Mwaka ule ule, Congo

Nchi iliyotajwa katika tamko la SNCC ilikuwa na mwaka wake wa 1966. Mobutu alikuwa amechukua madaraka tarehe 24 mwezi wa kumi na moja 1965, karibu wiki sita kabla ya tamko hilo. Alipiga marufuku shughuli za vyama vya siasa kwa miaka mitano na kuliacha bunge bila nguvu. Mwezi wa sita 1966 Évariste Kimba, waziri mkuu wa zamani, na mawaziri wengine watatu wa zamani walinyongwa mbele ya watu mjini Kinshasa kwa kosa la kutaka kupindua serikali. Marekani ilimhesabu Mobutu kuwa rafiki, na iliendelea hivyo kwa muda mrefu. Vijana wa SNCC walikuwa wameona vizuri.

Miaka 14 baadaye Wacongo walipata kesi iliyofanana na ya Bond. Tarehe 1 mwezi wa kumi na moja 1980, wabunge 13 walimwandikia Mobutu barua ya wazi yenye kurasa 52 wakieleza maovu ya utawala wake na kudai demokrasia. Kati yao walikuwa Étienne Tshisekedi, Ngalula Mpandanjila, Kibassa Maliba na Kyungu wa Kumwanza, yule aliyekuja kuongoza baraza la wabunge la mkoa wa Katanga. Baadaye kila mmoja alifuata njia yake, na baadhi yao walitengana vikali. Lakini siku ile walikuwa wabunge waliochaguliwa, wakifanya kazi ya mbunge, yaani kumwambia mkuu wa nchi kile ambacho raia wanakiona.

Walikamatwa, wakanyang'anywa viti, wengine wakapelekwa kuishi vijijini mbali na Kinshasa. Walipoendelea, wakaunda chama cha UDPS mwezi wa pili 1982, na mwaka huo wakahukumiwa kifungo cha miaka 15. Waliachiliwa mwaka wa 1983 kwa msamaha wa Mobutu. Msamaha hutolewa na mkubwa kwa huruma yake, na anaweza kuurudisha mfukoni kesho. Bond hakusamehewa na mtu. Alirudishiwa haki yake. Tofauti kati ya maneno hayo mawili ndiyo tofauti kati ya nchi yenye mahakama na nchi yenye bwana mmoja.

Haimaanishi kwamba Marekani ilikuwa nchi ya haki. Sammy Younge aliuawa huko, na mtu aliyempiga risasi aliachiliwa huru na baraza la wazee wa mahakama lililokuwa la wazungu watupu. Lakini palikuwa na mlango mmoja uliobaki wazi, na Bond aliupitia.

Ya leo

Katiba ya Congo ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006 inasema katika kifungu cha 107 kwamba mbunge au seneta hawezi kushtakiwa, kutafutwa, kukamatwa, kufungwa wala kuhukumiwa kwa sababu ya maoni au kura alizotoa katika kazi yake. Kwa maandishi, Congo imefika pale alipofika Earl Warren mwaka wa 1966, na hata mbele kidogo. Kazi iliyobaki ni kwenye utii.

Tuchukue mfano wa mashariki. Tangu mwezi wa kumi 2014 raia wa Beni wanauawa kwa mapanga na risasi. Mbunge kutoka Beni anayeuliza jeshi lilikuwa wapi usiku ule, au nani alipewa pesa za operesheni na alizifanyia nini, anauliza swali la mama aliyefiwa. Ni rahisi kumjibu kwamba nchi iko vitani na kwamba anavunja moyo wa wanajeshi. Ni jibu lile lile la wabunge 184 wa Georgia. Linaweza kutolewa na mtu anayewapenda wanajeshi kwa kweli, na bado likawa jibu baya, kwa sababu linaacha swali bila kujibiwa na wauaji bila kutafutwa.

Mwaka wa 2015 wabunge wa mikoa walikuwa na shida nyingine zaidi. Walioketi wakati huo katika mabaraza ya mikoa walikuwa wamechaguliwa mwezi wa kumi 2006. Karibu miaka tisa ilikuwa imepita. Mwezi wa pili 2015 CENI ilitangaza kalenda iliyoweka uchaguzi wa wabunge wa mikoa tarehe 25 mwezi wa kumi mwaka huo. Wakati huo huo mikoa 11 iligawanywa kuwa 26, na mabaraza mapya yalianza kazi katika Ituri, Tanganyika, Tshopo na kwingineko kwa kutumia wabunge wale wale. Nguvu ya Bond mwaka wa 1966 ilitoka kwa raia waliomchagua mara tatu ndani ya mwaka mmoja na nusu. Mbunge ambaye hakuwa amerudi kwa wapiga kura tangu 2006 hakuwa na mgongo wa namna hiyo. Kama angefukuzwa kwa neno alilosema, ni raia gani wangetoka barabarani kusema kwamba kiti ni chao?

Kuna pia vijana. Julian Bond alianza kama mwanafunzi aliyekamatwa kwa kuketi mahali palipokatazwa. Tarehe 15 mwezi wa tatu 2015, Fred Bauma wa LUCHA, kundi la vijana lililozaliwa Goma, na Yves Makwambala wa Filimbi waliwekwa kizuizini Kinshasa. Walikamatwa katika mkutano wa vijana uliohusu kushiriki kwa raia katika siasa. Wakubwa walisema ni suala la usalama wa nchi. Mashirika ya haki za binadamu, ya Congo na ya nje, yalisema walikuwa wakifanya kazi halali. Aliyetaka kujua wabunge wa kesho wa Kivu wangetoka wapi, angeangalia pia upande huo wa gereza.

Maua na sheria

Huko Marekani kwenyewe, mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba kumheshimu marehemu kunaweza kuwa kazi nyepesi au nzito. Tarehe 17 mwezi wa sita, Clementa Pinckney, mchungaji na seneta wa jimbo la South Carolina, aliuawa pamoja na watu wengine wanane ndani ya kanisa lake mjini Charleston. Muuaji alikuwa kijana mzungu mwenye chuki ya rangi. Mwili wa Pinckney uliwekwa katika jengo la bunge la jimbo ili watu wamwage. Nje, kwenye uwanja wa jengo hilo, bendera ya majimbo yaliyopigana kutetea utumwa ilikuwa bado inapepea. Wabunge wenzake walilia. Kisha wakapiga kura, na tarehe 10 mwezi wa saba bendera ikateremshwa. Kura ile ilikuwa heshima kubwa kuliko machozi, kwa sababu ilibadilisha kitu.

Kwa Bond, kazi nzito iko wazi. Sheria ya haki ya kupiga kura, ambayo yeye na wenzake wa SNCC waliipigania kwa damu, ilitimiza miaka 50 tarehe 6 mwezi wa nane, siku tisa kabla ya kifo chake. Lakini mwaka wa 2013 Mahakama Kuu, kwa majaji watano dhidi ya wanne, iliondoa sehemu iliyoyalazimisha majimbo yenye historia ya ubaguzi kuomba ruhusa ya serikali kuu kabla ya kubadilisha kanuni za uchaguzi. Tangu hapo baadhi ya majimbo yameweka masharti mapya kwa wapiga kura. Viongozi waliomsifu Bond alipofariki wanaweza kuulizwa walifanya nini juu ya sheria hiyo.

Bond mwenyewe hakuwa malaika. Mwaka wa 1986 aligombea kiti cha Congress mjini Atlanta dhidi ya John Lewis, rafiki yake wa SNCC. Kampeni ilikuwa chungu. Lewis alimtaka wapimwe wote wawili kama wanatumia madawa ya kulevya, Bond akakataa, na mwishoni Bond akashindwa. Urafiki ulijeruhiwa. Lakini alikubali kura ya raia, ileile kura iliyomrudisha mara mbili mwaka wa 1966, na akarudi kwenye kazi nyingine. Alifundisha historia ya mapambano ya haki za raia katika University of Virginia kwa miaka zaidi ya 20. Sauti yake ndiyo inayosimulia Eyes on the Prize, filamu ya mfululizo ya mwaka wa 1987 juu ya mapambano hayo. Mwaka wa 1971 alikuwa mmoja wa waanzilishi na rais wa kwanza wa Southern Poverty Law Center, shirika linalopeleka makundi ya chuki mahakamani.

Katika baraza la Georgia alikaa hadi 1975, kisha katika seneti ya jimbo hadi 1987. Huko alifanya kazi ambayo haionekani kwenye picha: kuandika miswada, kuhesabu kura, kuwaunganisha wabunge weusi wawe kundi moja, kupigania mipaka ya maeneo ya uchaguzi ili sauti ya weusi isitawanywe. Wale waliomkataa mwaka wa 1966 walilazimika kuketi naye, kubishana naye, na mara nyingine kupiga kura pamoja naye. Hakuna hata mmoja aliyeweza kusema kwamba Georgia ilianguka kwa sababu Bond aliruhusiwa kuketi.

Watu waliotupa maua majini Jumamosi ile walifanya vizuri, kwa sababu aliyefariki anastahili kuagwa. Lakini mbunge aliyekataliwa na wenzake 184 anaheshimiwa zaidi pale ambapo mbunge mwingine, huko Georgia au huko Ituri, anasimama kusema neno lisilopendwa na wengi, anamaliza, anaketi, na kesho yake anakuta kiti chake bado kipo.